Kufuli la Mimba

Mume wangu Masunga hakuwa mwizi. Naanza na hilo, maana najua mtu akisikia habari ya kufungua makufuli bila ufunguo, akili yake inakimbilia wapi. Alikuwa fundi baiskeli pale Kasoli, karibu na mahali pa kununulia pamba, na ubaya wake mkubwa ulikuwa mikono isiyojua kupumzika. Leo yuko kaburini, na wengi wa vijana waliokuwa na fimbo siku zile wako huko huko, kwa hiyo nasema wazi bila kumwogopa mtu.

Ilianza masika moja, miaka michache kabla ya uhuru, wakati barabara ya Bariadi ilipogeuka tope jeusi la mbuga na hakuna baiskeli iliyopita. Mteja alikuwa amemletea kufuli lililopotelewa na ufunguo, alikate kwa msumeno. Masunga akalikata, akamrudishia mtu mnyororo wake, na mabaki akaja nayo nyumbani mfukoni.

"Kornelia, njoo uone," aliniambia. "Humu ndani mna watu."

Nilimwambia aniache nipepete mtama wangu. Lakini mimi nami sikuzaliwa na shingo ngumu sana ya kutogeuka. Nikageuka. Ndani ya lile kufuli mlikuwa na vijiti vidogo vya shaba vimesimama mstari, kila kimoja juu ya springi yake, kimoja kirefu, kingine kifupi. Masunga alinieleza kwamba kazi ya ufunguo ni kuvisukuma vyote vifike kimo kimoja, basi, kufuli linazunguka. Halafu akauliza swali ambalo kama lingemwishia tumboni tungekuwa watu wenye raha: je, kikiwa kitu kingine kinachovisukuma?

Basi tukawa wanafunzi, na hatukuwa na mwalimu. Alikusanya makufuli makuukuu yasiyo na funguo kutoka madukani Bariadi, akanoa spoku za baiskeli juu ya jiwe mpaka zikawa nyembamba, akazikunja ncha. Chuma cha mwavuli uliokufa ndicho tulichotumia kuzungushia. Siku za mwanzo Masunga aliyashambulia makufuli yale kama nati zilizoshika kutu. Spoku zikamkatikia ndani, vidole vikamchubuka, akatukana, akatupa kufuli ukutani, akalifuata tena. Nilikuwa nakaa pembeni nacheka. Masika yote hatukufungua hata moja.

La kwanza nililifungua mimi. Niligundua kwamba kufuli halitaki nguvu, linataka mtu aliyetulia. Nilikikandamiza kile chuma cha mwavuli kwa kidole kimoja tu, kwa wepesi ule wa kumshika kifaranga, na spoku nikaiingiza polepole huku nimefumba macho. Nikahisi kijiti kimoja kikikaa mahali pake, tik. Kisha cha pili. Kufuli likaruka wazi mapajani mwangu. Nilipiga kigelegele, na Masunga akanirukia akaniziba mdomo.

Mkono wake ulikuwa baridi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo wetu una meno. Kwetu Usukumani siku zile hakuna aliyejua habari ya vijiti vya shaba. Mtu anayefungua kufuli bila ufunguo alikuwa mtu mwenye dawa ya wezi, ile inayolaza watu usingizi na kufungua milango kwa kupulizwa. Mtu huyo hakupelekwa popote. Ulipigwa mwano, ile kelele yetu ya hatari inayopokezana kijiji kwa kijiji, na watu wakaja na fimbo. Tangu siku hiyo tulifunga mlango kila tulipocheza, mchana kweupe. Majirani walitucheka, wakasema wenye ndoa changa hawaoni jua. Tuliwaacha wacheke.

Kisha nikapata mimba.

Ilikuwa ya tatu, na mbili za kwanza zilikuwa zimetoka kabla hata hazijaonekana. Mama mkwe wangu, Nyamizi, aliishi nyumba ya pili katika ua wetu. Alikuwa mjane, mwembamba, macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na hakuwa na mtoto mwingine aliyebaki ila Masunga. Alipojua hali yangu hakungoja. Alikwenda kumwita Mahona, mganga wa kufunga mimba.

Mahona alikuja na kufuli jipya la shaba. Alinizungushia kiunoni utepe wa kaniki, akaufungua, akaupitisha kwenye pete ya kufuli, akalibana mbele ya tumbo langu huku akinena. Tundu la ufunguo akaliziba kwa dawa nyeusi, laini kama nta. Kisha akaagiza. Kufuli litundikwe juu ya kitanda changu. Ufunguo akae nao mama mkwe. Siku ya uchungu, na siku hiyo tu, mama mkwe afungue, mtoto apite.

"Likifunguliwa kabla," Mahona alisema, "lililoshikwa litaanguka."

Padre alikuwa ametufundisha kwamba mambo hayo ni upuuzi. Padre hakuwahi kubeba mimba. Mimi Kornelia, mbatizwa, nililala chini ya kufuli lile kila siku na nikalisalia pamoja na rozari yangu, na tumbo likakua. Nyamizi aliufunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake, akawa analigusa pindo hilo hata akisalimiwa njiani.

Masunga naye alilitazama. Niliona jinsi alivyolitazama. Halikuwa kufuli kama yale makuukuu yetu. Lilikuwa zito, la kazi nzuri, na tundu lake lilikuwa na mkunjo ambao hatujawahi kuuona. Nilimwambia, "Masunga, hilo si la kuchezea." Akacheka, akasema mimi namwona mtoto.

Mimba ilikuwa imeshaanza kucheza tumboni pale duka moja la nguo lilipoibiwa Kasoli. Majora ya kitambaa yaliondoka, na kufuli la mlango lilikutwa linaning'inia wazi, zima, halina hata mkwaruzo. Kijiji kizima kilisema jambo moja: dawa. Mihayo, mkuu wa vijana, yule tunayemwita nsumba ntale, aliapa mbele ya watu kwamba mwenye dawa hiyo hataona mavuno.

Masunga hakuwa na habari ya duka lile. Siku ya wizi alikuwa kitandani na homa, mimi ndiye niliyekuwa namkanda. Lakini nani angeniuliza?

Sokoni walimkamata mchuuzi wa samaki kutoka Lamadi, mgeni, na mfukoni alikuwa na waya. Mtu wa ziwani na waya wake wa kutungia samaki! Alieleza, alilia, akataja majina ya wateja wake. Mwano ulikuwa umeshapigwa. Nilikuwa nanunua chumvi hatua chache kutoka pale. Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba alifia njiani akipelekwa hospitali, na kwamba mmoja wa waliompiga alikuwa kijana mpole aliyekuwa akija kwetu kuzibiwa pancha.

Nilirudi nyumbani bila chumvi. Masunga hakuwepo. Nilikusanya makufuli yote, yale tuliyoyashinda na yale yaliyotushinda, nikakusanya spoku na chuma cha mwavuli, nikavitumbukiza vyote chooni. Aliporudi nikamwambia. Alikaa chini, kisha akasema nimefanya vizuri. Nadhani alisema kweli. Aliogopa kama mimi, na kwa muda mrefu aliposikia watu wakipita njiani aliacha kutafuna.

Kumbe nilikuwa nimeyatupa yote nikabakiza moja.

Siku nilipolijua hilo, nilikuwa nimetoka kuchota maji. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikausukuma, nikamkuta Masunga amekaa kitandani petu, mgongo kwangu, na nilijua kabla hajageuka. Aligeuka. Kufuli la mimba yangu lilikuwa mkononi mwake, limefunguka.

Alilibana haraka. "Nimeshalifunga," alisema. "Tazama, limefungika. Ni kama halikufunguka."

Ndoo ilinianguka, maji yakatapakaa. Nilishika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba mtoto angedondoka pale pale sakafuni. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kupiga kelele, na hata hilo sikuweza, kwa sababu kelele ingeleta watu, na watu wangeuliza. Nilisema kwa sauti ya kunong'ona, "Umefanya nini? Masunga, umefanya nini?"

"Sijui," alisema, na machozi yalimlengalenga. "Lilikuwa pale juu kila siku. Nilitaka kujua tu kama naweza. Mikono ilienda yenyewe."

Nisiwe mnafiki, nilimwelewa, na kumwelewa kulinitia hasira zaidi. Nililitundika tena mahali pake. Kwa nje lilikuwa vile vile, isipokuwa ile dawa nyeusi kwenye tundu ilikuwa imechimbwa.

Baada ya hapo niliishi nikisikiliza tumbo. Mtoto akicheza, naogopa anataka kutoka. Akitulia, naogopa amekufa. Usoni namchekea mama mkwe, anapoingia najisogeza nimzuie asitazame juu. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka, nikaenda shambani kama wengine, nikabeba mzigo ambao pengine sikupaswa kuubeba. Mpaka leo sijui ni mzigo, ni kufuli, au ni hofu yenyewe. Ninachojua ni kwamba adhuhuri moja tumbo lilinikata, nikainama kwenye mstari wa pamba, na nilipotazama miguu yangu niliona damu.

Walinibeba nyumbani. Nyamizi aliniona, akatoka mbio, mwanamke wa umri ule, kwenda kumwita Mahona. Walioniona nikibebwa walijaa uani. Wanawake wakaingia ndani, wanaume wakabaki mlangoni, na Mihayo akiwa mbele yao, maana tangu wizi wa duka hakuna jambo lililotokea Kasoli asilifikie. Masunga alisimama karibu na mtungi, mikono mifukoni.

Mahona aliliteremsha kufuli, akalipeleka kwenye mwanga, akaliangalia. Nilimwona akikunja uso.

"Dawa yangu imechokorwa," alisema. "Hili limefunguliwa."

Mihayo alisogea akakanyaga kizingiti. "Limefunguliwa bila kuvunjwa? Kama la dukani?"

Mahona alinitazama mimi. "Binti, sikiliza. Naweza kuifunga tena, damu isimame. Lakini aliyefungua aje hapa, ateme maji juu ya tumbo lako, aseme ameacha. Nikifunga juu ya uongo, mtakwenda wote wawili, wewe na mtoto. Nani kafungua?"

Sijawahi kuogopa hivyo, kabla wala baada. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikilisema, mtoto wangu anapata maji yake, na baba yake anapata fimbo hapo hapo uani, kama yule wa samaki. Nisiposema, damu inaendelea. Niliisikia ikinitoka. Nilimtazama Masunga, naye akafungua mdomo. Naapa alikuwa anakwenda kusema. Nikatikisa kichwa, sijui hata kwa nini.

"Kila mtu wa ua huu aonyeshe mikono," Mihayo alisema. "Dawa nyeusi haitoki upesi."

Mikono ya Masunga ilibaki mifukoni. Dawa ile ilikuwa imemganda chini ya ukucha wa kidole gumba, nilikuwa nimeiona kila siku tukila ugali, alikuwa amejaribu kuitoa kwa mchanga na kwa mafuta ya taa ikakataa. Na sasa nikamwona mama mkwe wangu akimtazama mwanawe, kwanza uso, kisha mifuko ya suruali. Alitazama kidogo tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Nipeni na mimi nilione," Nyamizi alisema. "Macho yangu hayaoni mbali."

Mahona akampa. Alilileta karibu na uso, akaligeuza huku na huku, na nikaona ukucha wake ukiingia ndani ya tundu na kuzunguka. Ulitoka mweusi. Kisha akamrudishia Mahona kufuli na kunyoosha mikono yake mbele ya Mihayo.

"Mnahangaika bure," alisema. "Ufunguo si ninao mimi? Nimefungua mimi."

Wanawake waliokuwa karibu naye walirudi nyuma. Nafasi ilifunguka pande zote mbili zake, akabaki peke yake katikati ya nyumba.

"Kwa nini, mayu?" Mahona aliuliza. Alimwita mama, kwa heshima ya zamani, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Niliota vibaya. Nikataka kuona kama dawa bado imo."

Ilikuwa sababu dhaifu, na alijua kwamba ni dhaifu. Mjane, macho mekundu, amefungua mimba ya mke wa mwanawe kabla ya wakati, na mimba mbili kabla ya hiyo zilitoka. Watu walimalizia wenyewe. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Kumbe ndiye anayewala."

Mihayo alishusha fimbo. Aliyekuwa akimtafuta ni mwizi, na ufunguo ulikuwa umeonekana. Lakini alitema mate nje ya kizingiti.

Nyamizi alipewa maji katika kibuyu. Alipiga magoti, akajaza kinywa, akayatema juu ya tumbo langu, akasema ameacha. Maji yalikuwa ya baridi, na mimi nilikuwa nalia kwa hofu, kwa sababu Mahona alikwisha kusema, akifunga juu ya uongo tutakwenda wote wawili. Na ule ulikuwa uongo. Mahona akafunga upya, akaziba tundu, na safari hii ufunguo akauchukua yeye. Watu wakatoka. Hakuna aliyemuaga Nyamizi.

Alingoja mpaka ua umekuwa mtupu. Kisha akafunga mlango, akachukua kile kibuyu.

"Masunga, njoo hapa."

"Mayu, mimi..."

"Nyamaza. Piga magoti. Yale yangu yalikuwa ya watu, haya yako ni ya mtoto."

Masunga alijaza kinywa. Maji yakamwagikia kidevuni. Mama yake akampa tena. Mara hii aliyatema vizuri, akasema ameacha, akaweka kichwa chake kwenye kitanda karibu na mguu wangu akalia kwa sauti. Nyamizi alimpiga kofi la mgongoni. "Wasikusikie," alisema.

Damu ilisimama jioni ile. Msiniulize ni maji ya nani.

Ulifanyika mkutano kwa mwanangwa, kiongozi wetu wa kijiji, na mimi nilibebwa nihudhurie kwa sababu ndiye niliyekosewa. Vijana walisema mchawi haishi na mjamzito. Wengine walitaka jambo baya zaidi, na Mihayo ndiye aliyewazuia, akisema mimba imesalimika, basi ahame tu. Masunga alisimama kusema. Nilimshika shati, likanitoka mkononi.

"Kaa chini wewe," mama yake alimwambia kwa ukali, mbele ya watu wote. "Una mtoto njiani. Kaa."

Masunga akakaa. Watu walidhani anamtii mchawi, wakamwonea huruma.

Nyamizi alihamia Lingeka, kwa kaka yake. Masunga alimbebea mzigo kwenye baiskeli, mama yake akamrudisha njiani mapema kuliko alivyotaka. Mimi nilijifungua wakati wake, mtoto wa kike, mzima, tukambatiza Pelagia. Masunga hakugusa tena kufuli. Hata nyumba yetu tuliifunga kwa kamba.

Mtoto alipoanza kutambaa tukampeleka Lingeka. Tulipanda lori la pamba, kisha tukatembea kwa miguu. Niliibeba safari ile moyoni kama sikukuu, maana nilitaka kumweka mtoto mikononi mwake na kumwambia yote ambayo sikuweza kumwambia uani kwetu. Tulimkuta Nyamizi nje. Alikuwa amekonda zaidi. Habari zilikuwa zimemfuata hadi huko. Alikuwa na kibanda chake pembeni, mbali na nyumba za wengine, na wanawake wa kwa kaka yake walisimama wakitutazama kutoka kwenye ghala la mtama.

Nilimpelekea mtoto. Aliweka mikono yake nyuma.

"Usinipe," alisema taratibu, akitabasamu ili wale wa kule wasijue tunasema nini. "Wakiona nimemshika, na kesho akaugua hata mafua, watasema ni mimi. Mweke chini nimtazame."

Nikamweka Pelagia chini, katikati ya ua. Nyamizi alichuchumaa mbali kidogo, akamtazama, akamwimbia kwa sauti ndogo wimbo wa kwetu wa kubembelezea. Mtoto akacheka. Akaweka viganja vyake vumbini, akaanza kutambaa kumfuata bibi yake, haraka haraka. Wale wanawake wakaacha kazi zao.

Nyamizi akainuka, akarudi nyuma. Mtoto akazidi kumfuata. Naye akazidi kurudi nyuma, huku anaimba, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa kibanda.